Ousmane Sembène: pesa za Paris, filamu za Dakar

Anayeanza kumfuatilia Ousmane Sembène hukwama mapema. Huyu ndiye Msenegali anayeitwa baba wa sinema ya Afrika, mkomunisti aliyeisuta Ufaransa tangu filamu zake za mwanzo, mwenye kampuni yake mwenyewe, mtu asiyekubali kuamrishwa. Halafu ukitazama walioweka fedha unakuta wizara ya Ufaransa, mfuko wa sinema wa Ufaransa, mtayarishaji wa Paris. Sasa huo uhuru uko wapi?

Majibu ya mkato yapo, na yote yanapwaya. Wanaomuenzi husema alikuwa huru, basi, na hawataki kusikia habari za fedha. Wanaombeza husema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na kwamba sinema ya Afrika iliyozungumza Kifaransa ilikuwa mtoto wa kulelewa na Paris tangu kuzaliwa. Mimi naona jibu limo ndani ya mapatano yake. Karibu kila filamu ilipatikana kwa mapatano tofauti, na ukizifuata moja baada ya nyingine unaona alichokubali kuuza na alichokataa. Haki za kuonyesha aliziuza. Neno la mwisho juu ya kinachoonekana, na baadaye juu ya lugha inayosikika, hakuliuza hata pale lilipomgharimu miaka.

Alizaliwa mwaka 1923 Ziguinchor, mkoa wa Casamance, kusini mwa Senegal, baba yake akiwa mvuvi. Shule ilimshinda mapema baada ya kugombana na mkuu wa shule, ikawa ndiyo mwisho wa madarasa. Alikwenda Dakar akafanya kazi za mikono: uashi, ufundi wa magari, chochote kilichopatikana. Mwaka 1944 aliingizwa katika jeshi la kikoloni la Ufaransa, akawa dereva wa malori huko Niger. Vita vilipokwisha alirudi Dakar akakuta wafanyakazi wa reli ya Dakar–Niger wako kwenye mgomo mkubwa, ule ulioanza Oktoba 1947 na kuendelea hadi Machi 1948. Kisha akavuka bahari kwenda Ufaransa, akaishia bandari ya Marseille akipakua meli.

Marseille ndiyo ilikuwa chuo chake. Alijiunga na chama cha wafanyakazi cha CGT na Chama cha Kikomunisti, akasoma vitabu vilivyopatikana kwa wenzake wa chama, na alipoumia vibaya mgongo kazini akapata muda mrefu wa kulala na kusoma zaidi. Riwaya yake ya kwanza, *Le Docker noir*, yaani kuli mweusi, ilitoka mwaka 1956. Ya tatu, *Les Bouts de bois de Dieu*, ikatoka 1960 ikisimulia ule mgomo wa reli. Kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hiyo ndiyo iliyomtambulisha, maana tafsiri yake ya Kiingereza ilizunguka sana katika shule na vyuo vyetu.

Angeweza kubaki hapo, mwandishi wa Kifaransa mwenye jina. Lakini Senegal ilipopata uhuru mwaka 1960 alirudi nyumbani, akazunguka nchi kadhaa za Afrika, Kongo ikiwamo, na akakiri kwamba watu anaowaandika hawamsomi. Wafanyakazi wa reli, wake zao, wakulima wa Casamance: wengi hawakujua kusoma, na waliojua wachache wangekaa na riwaya ya Kifaransa. Akiwa anakaribia miaka 40, umri ambao wengi wetu tunaanza kuhesabu kiinua mgongo, alikwenda Moscow kujifunza filamu katika studio ya Gorky chini ya Mark Donskoi. Sinema, alipenda kusema, ni shule ya jioni: wanakuja waliotoka kazini, na hakuna anayeulizwa cheti.

Hapo ndipo fundo la fedha linapoanza, na ili kulifungua inabidi kujua mtu wa Dakar alikabiliwa na nini kabla hata hajawasha kamera.

Mwaka 1934 serikali ya Ufaransa ilitoa amri inayojulikana kwa jina la waziri Pierre Laval. Mtu yeyote aliyetaka kupiga filamu katika makoloni ya Ufaransa barani Afrika alipaswa kwanza kupata kibali, na watawala walikagua mswada pamoja na watu waliohusika. Kwa Waafrika ilimaanisha mlango umefungwa. Ndiyo maana Paulin Soumanou Vieyra na wenzake, waliposhindwa kupiga filamu nyumbani, walitengeneza *Afrique-sur-Seine* mwaka 1955 jijini Paris. Vieyra huyu, aliyezaliwa nchi inayoitwa leo Benin na kufanya kazi Senegal, alikuja kuwa mkono wa kulia wa Sembène katika utayarishaji wa filamu zake.

Uhuru ulipokuja amri ilikufa, ila vifaa havikuhamia Dakar. Hapakuwa na maabara ya kusafishia filamu ya milimita 35, wala vyumba vya kuhariri vya kutosha, wala benki iliyowahi kumkopesha mtu fedha kwa ajili ya filamu. Utepe uliopigwa Senegal ulipaswa kusafirishwa Paris. Mwaka 1963 Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa, iliyoshughulikia makoloni ya zamani, ilifungua ofisi ya sinema iliyoongozwa na Jean-René Debrix. Utaratibu wake ulikuwa rahisi kueleweka na mgumu kuukataa: lete ulichopiga, tutakupa maabara, mhariri na fedha za kumalizia, nasi tutachukua haki za kuionyesha nje ya biashara, katika vituo vya utamaduni vya Ufaransa. Sehemu kubwa ya filamu zilizotengenezwa na Waafrika wa nchi hizo katika miaka ya 60 na mwanzo wa 70 zilipitia mlango huo.

Ubaya wake uko wapi? Filamu ilikamilika, mwongozaji akalipwa kidogo, halafu ikaonyeshwa katika ukumbi wa kituo cha utamaduni mbele ya walimu na wanafunzi wa Kifaransa. Kuli na muuza samaki hawakuiona, kwa sababu majumba ya sinema ya kawaida yalishikwa na wengine kabisa. Kampuni mbili za Kifaransa, COMACICO na SECMA, ziligawana karibu soko lote la Afrika Magharibi iliyozungumza Kifaransa. Zilijaza kumbi kwa filamu za Marekani, za Kihindi na za Kifaransa zilizonunuliwa kwa bei ya chini, na hazikuona sababu ya kuhangaika na ya Mwafrika. Serikali ya Upper Volta, Burkina Faso ya leo, ilipotaifisha kumbi zake mwaka 1970, kampuni hizo ziligoma kupeleka filamu. Nchi ilibaki na majumba yake bila cha kuonyesha, ikalazimika kurudi mezani. Tamasha la Ouagadougou, FESPACO, lilizaliwa mwaka 1969 katika mazingira hayohayo. Sembène alikuwa miongoni mwa waliolisimamisha.

Kwa hiyo kumuuliza mtu wa zama hizo kwa nini alichukua pesa za Ufaransa ni sawa na kumuuliza abiria kwa nini alipanda kivuko wakati daraja halipo.

Sembène alianzisha kampuni yake, Filmi Doomireew, yaani filamu za wana wa nchi, na mwaka 1963 akatoa *Borom Sarret*. Ni dakika kama 20 tu. Mwenye mkokoteni wa farasi anazunguka Dakar siku nzima akibeba watu wasiolipa, kisha abiria mmoja nadhifu anamshawishi kuingia mtaa wa Plateau, wanakoishi wakubwa na ambako mikokoteni hairuhusiwi. Polisi anamkamata. Nishani yake ya vita inaanguka, na polisi anaikanyaga. Mkokoteni unachukuliwa, abiria keshatoweka. Ile ofisi ya Debrix iliinunua filamu hiyo.

Ikaja *La Noire de...* mwaka 1966, na hapa mambo yakabadilika. Kisa kilitoka kwenye habari ya gazeti la Ufaransa. Diouana, msichana wa Dakar, anachukuliwa na mke na mume wa Kifaransa kulea watoto wao, anavuka bahari kuwafuata hadi Antibes akidhani ataiona Ufaransa. Anachokiona ni jiko, bafu na dirisha. Analala, anapika, anafua, anaonyeshwa kwa wageni. Mwisho anajiua ndani ya bafu la nyumba hiyo. Ofisi ya wizara iliusoma mswada ikaukataa. Sembène akaenda kwa mtayarishaji André Zwoboda, filamu ikatengenezwa hivyohivyo, ikapata Tuzo ya Jean Vigo Ufaransa na Tanit ya dhahabu, zawadi kuu, katika tamasha la kwanza kabisa la filamu la Carthage, Tunisia. Baada ya hapo wizara iliyoukataa mswada ikanunua haki za kuionyesha.

Ninapenda kuwakumbusha watu mpangilio wa mambo hayo. Pesa za Paris zilikuja baada ya kazi kukamilika na kusifiwa, wakati hazina tena uwezo wa kugusa hata sekunde moja.

Lakini tazama kile alichokuwa bado hajakipata. Diouana hajui kusoma. Barua yake kwa mama anaandikiwa na bwana mwenye nyumba. Hata hivyo, mawazo yake tunayoyasikia mwanzo hadi mwisho ni ya Kifaransa safi, tena kwa sauti ya Toto Bissainthe, mwigizaji wa Haiti, kwa sababu Mbissine Thérèse Diop anayeonekana kwenye picha hakuingiza sauti mwenyewe. Msichana wa Dakar anaungua moyo kwa lugha ya wanaomtesa. Wapo wanaoliona hilo kuwa la makusudi, na kweli linauma linavyopaswa kuuma. Mimi naona ni mpaka wa mkataba: filamu iliyotegemea soko la Ufaransa ilizungumza Kifaransa.

Mpaka huo alikwenda kuuvunja mwaka 1968, na *Mandabi* ndiyo filamu ninayowashauri watu wakae nayo zaidi, maana humo siasa, fedha na lugha vimefungwa pamoja.

Ibrahima Dieng ni mzee wa Dakar asiye na kazi, mwenye wake wawili, watoto wengi, kanzu kubwa na heshima kubwa kuliko mfuko wake. Mpwa wake anayefagia mitaa Paris anamtumia hawala ya posta ya faranga 25,000. Elfu mbili ni zake Dieng, elfu tatu ni za mama wa kijana, elfu ishirini amtunzie. Mtaa mzima unapata habari kabla hajafika posta. Madeni yanaamka, majirani wanakuja kukopa mchele. Posta wanataka kitambulisho. Ili apate kitambulisho anahitaji cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Ili apate cheti cha kuzaliwa anahitaji tarehe aliyozaliwa, ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Kila dirisha lina karani, na kila karani ana Kifaransa chake na haraka yake. Mwisho ndugu msomi, mwenye suti na gari, anajitolea kumsaidia, Dieng anasaini hati ya kumwakilisha, na fedha zinayeyuka. Anaambulia gunia la mchele. Nani kati yetu hajawahi kuzungushwa hivyo, dirisha hadi dirisha, njoo kesho, mkubwa hayupo? Hakuna filamu ya Sembène inayohitaji maelezo machache zaidi kwa mtazamaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu.

Sasa mkataba. Fedha zilitoka katika mfuko wa sinema wa Ufaransa, CNC, kwa utaratibu wa kumpa mtayarishaji kitangulizi ambacho hurudishwa kutokana na mapato ya tiketi. Wakati huo waziri wa utamaduni alikuwa André Malraux. Kitangulizi hicho kilipita kwa mtayarishaji wa Kifaransa, Robert de Nesle, kikaja na masharti. Filamu iwe na toleo la Kifaransa. Iwe ya rangi, ingawa Sembène alipendelea nyeusi na nyeupe. Mtayarishaji alitaka pia vipande vya mapenzi vya kuvutia wateja wa Paris. Sembène alikubali rangi. Mapenzi alikataa. Na kuhusu lugha akafanya jambo la ujanja na la kuchosha: alipiga filamu mara mbili, toleo la Kifaransa kwa ajili ya mfuko na toleo la Kiwolofu kwa ajili ya Dakar. Waigizaji, wengi wao watu wa kawaida wasiowahi kusimama mbele ya kamera, walirudia matukio kwa lugha mbili.

Tukio hilo lina uzito kuliko linavyosikika. *Mandabi* ilikuwa filamu ndefu ya kwanza kutoka Afrika kusini ya Sahara kutengenezwa kwa lugha ya Kiafrika. Ilizawadiwa katika tamasha la filamu la Venice, Italia, mwaka huohuo, ikionyeshwa na maandishi chini ya picha, na hakuna Mtaliano aliyelalamika. Hoja kwamba lugha zetu hazisafiri ilikufa hapo, ingawa wapo ambao habari za msiba hazijawafikia.

Sisi tuna njia yetu tuliyoigundua kwa tatizo hilohilo. Katika vibanda umiza vya Tanzania na kumbi za video za Kenya na Uganda, msimulizi huchukua filamu ya Kichina au ya Kihindi akaitafsiri kwa sauti yake, na kuongeza matani humo humo. Watazamaji wanamfuata msimulizi kuliko mwigizaji. Sembène aliona kiu hiyohiyo mapema, akaamua kuitibu kwenye chanzo. Alibeba projekta yake hadi mijini na vijijini Senegal, akaonyesha, kisha akakaa kubishana na watu waliotazama. Hakuna msambazaji aliyemlipa kwa kazi hiyo.

Mwaka 1971 alitoka Kiwolofu akaingia Kidiola, lugha ya Casamance, kwa *Emitaï*. Ni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wakoloni wanataka mchele wa wanakijiji, wanawake wanauficha. Kuna kipande askari Waafrika wa Ufaransa wanaamka na kukuta picha ya Pétain, aliyeitawala Ufaransa kwa kushirikiana na Wajerumani, imebanduliwa na ya de Gaulle, aliyewapinga, imebandikwa, nao wanashangaa: yule marshali mwenye nyota saba amepinduliwaje na jenerali wa nyota mbili? Unacheka, halafu wanakijiji wanauawa kwa amri ya wa nyota mbili kama ambavyo wangeuawa kwa amri ya wa nyota saba. Wafaransa hawakucheka. Filamu ilizuiwa katika nchi kadhaa zilizotawaliwa na Ufaransa.

Kufikia hapo mtu angedhani adui ni mmoja. *Xala* ya mwaka 1975 ilionyesha kwamba pesa za nyumbani nazo zina kamba. Sehemu ya gharama ilibebwa na shirika la sinema la serikali ya Senegal, na Sembène akazitumia kuwacheka watawala wapya. Wafanyabiashara Waafrika wanawafukuza Wafaransa katika Chama cha Wafanyabiashara kwa ngoma na vifijo. Muda si mrefu wazungu walewale wanarudi na mikoba iliyojaa noti. El Hadji Abdoukader Bèye anaoa mke wa tatu na usiku wa harusi anakuta jogoo hapandi mtungi. Gari lake linamiminiwa maji ya Evian. Binti yake Rama akizungumziwa Kifaransa anajibu Kiwolofu. Na siku El Hadji anapofukuzwa na wenzake, anapotaka kujitetea kwa Kiwolofu, anaambiwa aseme Kifaransa. Bodi ya ukaguzi ilikata vipande kadhaa. Sembène alichapisha vikaratasi vinavyoeleza vilivyokatwa akavigawa kwa watazamaji. Sijui njia iliyo bora zaidi ya kuifanya bodi ya ukaguzi ikutangazie filamu bure.

Wakati huo alikuwa kwenye ugomvi mwingine, ambao ukiusikia mara ya kwanza unadhani ni utani. Yeye na mwanaisimu Pathé Diagne walikuwa wameanzisha gazeti la Kiwolofu, *Kaddu*. Serikali nayo ilikuwa ikitunga kanuni za tahajia ya Kiwolofu, na rais Léopold Sédar Senghor alikuwa mshairi na mwalimu wa sarufi aliyehitimu Paris, asiyeweza kuachia wengine suala hilo. Mwaka 1977 Sembène akamaliza *Ceddo*, jina lenye d mbili. Senghor akasema kanuni inataka d moja. Sembène hakubadili. Filamu ikapigwa marufuku Senegal.

Kwa nini rais apigane na mtu juu ya d? Sehemu ni kweli ile ya tahajia. Senghor alikuwa wa aina hiyo. Sehemu nyingine imo ndani ya filamu. *Ceddo* inaonyesha kijiji cha zamani ambako imamu anachukua madaraka na kuwasilimisha watu kwa nguvu, huku mfanyabiashara wa watumwa na padri wakisubiri pembeni, na mwisho binti mfalme anampiga imamu risasi. Senegal ni nchi ya Waislamu wengi, na Senghor, Mkatoliki, alitawala kwa kutegemea mashehe wa tariqa. Filamu hiyo ilikuwa kaa la moto kwenye kiganja chake, na herufi moja ilikuwa njia ya kulidondosha bila kulitaja. Ilibidi Senghor aondoke madarakani, mwisho wa 1980, kabla watu wa Senegal hawajaiona.

Mwaka huohuo wa 1977, Desemba, upande wetu wa bara, Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa baada ya mchezo wa Kikuyu aliouandaa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Lugha ambayo mwananchi anaielewa bila mkalimani iliwatisha watawala wa Nairobi kama ilivyowatisha wa Dakar. Baadaye Ngũgĩ alishirikiana na Manthia Diawara kutengeneza filamu ya hali halisi kuhusu Sembène, iliyotoka 1994.

Baada ya *Ceddo* ilipita miaka 11 bila filamu mpya. Ndiyo bei niliyoitaja mwanzo. *Camp de Thiaroye*, aliyoiongoza pamoja na Thierno Faty Sow, ilitoka 1988 kwa fedha za Senegal, Algeria na Tunisia, bila senti ya Ufaransa, na ukiitazama unaelewa kwa nini. Askari Waafrika waliotoka kuwa mateka wa Wajerumani wanarudishwa kambi ya Thiaroye, karibu na Dakar, wanadai malipo yao, na alfajiri ya Desemba 1, 1944 jeshi walilolipigania linawamiminia risasi. Mmoja wao, Pays, amepotewa na sauti tangu kambi ya Buchenwald. Anaviona vifaru vinakuja gizani, anajaribu kuwaamsha wenzake, nao wanadhani ni wazimu wake. Hesabu rasmi ya Ufaransa kwa muda mrefu ilikuwa waliokufa 35, na wanahistoria wanaipinga. Filamu ilipata tuzo maalumu ya majaji Venice, ikakaa miaka kabla ya kupata nafasi Ufaransa. Novemba 2024 rais Emmanuel Macron alikiri kwa barua kwa rais Bassirou Diomaye Faye kwamba yalikuwa mauaji ya halaiki.

Lazima niseme na upande usiopendeza. Ben Diogaye Bèye na mwandishi Boubacar Boris Diop walikuwa na mswada wao kuhusu Thiaroye kabla. Wao hawakuipata filamu, Sembène akaipata yake. Mfuko wa serikali ulikuwa mmoja na mzee ndiye aliyekuwa na jina. Waliofanya kazi naye wanamkumbuka pia kama mtu mkali asiyebishiwa. Neno la mwisho alilolinyima Paris hakuwagawia wa chini yake.

Na baada ya Thiaroye alirudi tena kwa Wafaransa! *Guelwaar* ya 1992, kisa cha Mkatoliki aliyezikwa kimakosa katika makaburi ya Waislamu na mgogoro wa misaada ya chakula, ilitengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya Galatée ya Paris. Kwake haikuwa kujipinga. Alipoulizwa na Férid Boughedir, mwongozaji wa Tunisia, kama filamu zake zinaeleweka Ulaya, alijibu kwamba Ulaya si kitovu chake. Kwa nini awe alizeti linalogeukia jua, wakati yeye mwenyewe ni jua? Mtu wa namna hiyo hajali hundi imetoka benki gani.

Filamu yake ya mwisho, *Moolaadé*, aliipiga kijiji cha Djerrisso, Burkina Faso, akiwa na miaka kama 80. Safari hii fedha zilichangwa na nchi nyingi, Senegal, Burkina Faso, Morocco, Tunisia, Kameruni na Ufaransa zikiwamo, na lugha ni Kibambara. Wasichana wanakimbia ngariba, wanne wanajificha kwa mama Collé, naye anafunga kamba mlangoni: ni hifadhi, asiivuke mtu. Wazee wanaamua kwamba kichwa cha wake zao kimeharibiwa na redio, wanazikusanya na kuzichoma mbele ya msikiti, baadhi zikiwa bado zinaimba. Ilipata tuzo Cannes mwaka 2004. Sembène alifariki Juni 9, 2007 nyumbani kwake Yoff, Dakar, nyumba aliyoiita Gallé Ceddo, kwa d mbili.

Kazi moja hakuitimiza. Kwa miongo alibeba mswada wa filamu kubwa kuhusu Samori Touré, mtawala wa Afrika Magharibi aliyepigana na Wafaransa hadi 1898. Ilihitaji farasi, majeshi, mavazi, miezi mingi porini, na fedha za kiasi ambacho mtoaji wake lazima angetaka kusikilizwa. Haikupigwa. Karatasi zake nyingi sasa zimehifadhiwa Marekani, maktaba ya Lilly katika Chuo Kikuu cha Indiana, na baadhi ya filamu zake zilisafishwa upya Ulaya. Kijana wa Dakar anayetaka kuuona mswada huo anaanza kwa kuomba viza.

Kwa anayetaka kutazama, aanze na *Borom Sarret*, ni fupi, kisha *Mandabi* katika toleo la Kiwolofu. *Ceddo* iachwe hadi mwisho, na itazamwe na mtu wa kubishana naye.